Mkono Niliomnyima Mke Wangu

Nianze na lililo baya kabisa, ili ukitaka kunichukia unichukie mapema. Nilimwomba Mungu mke wangu afeli mtihani. Ingekuwa mara moja ningesema ulimi uliteleza. Lakini nilimwomba kila jioni kwa mwezi na nusu, nimefumba macho, mikono yangu imekaa juu ya vichwa vya watoto, na mke wangu mwenyewe amepiga magoti kando yangu, anaitikia amina.

Mimi ni fundi cherehani, baba wa watoto watatu, na kanisani nakaa benchi la pili kutoka mbele. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi. Ukiingia unakuta meza ya kukatia upande wa kulia, kioo kirefu kilichopasuka kona moja, na cherehani mbili zinazotazamana, yangu na ya mke wangu. Kwa miaka kumi na saba tulikaa hivyo, magoti yakikaribia kugusana, mimi nakata na kuunga, yeye anamalizia vifungo, kola na mapindo. Humo humo tuligombana, humo humo tukapatana, na watoto wote watatu walijifunza kutambaa juu ya vipande vya vitambaa pale chini.

Wateja wenye vitambaa vya maana walikuwa wanamtafuta yeye, si mimi. Sababu ni kidole gumba chake cha kulia. Alikuwa anafumba macho, anakipitisha polepole juu ya kitambaa, halafu anasema, "Hapa uzi umekatika." Wewe unatazama, huoni kitu. Unasogeza kitambaa kwenye mwanga, unageuza huku na huku, kumbe kweli, uzi mmoja umekatika. Kidole kile nilikihesabu kuwa mali ya duka, yaani mali yangu.

Basi miaka mitatu iliyopita kitinda mimba wetu akaugua homa kali. Mtoto huyo tunamwita Redio, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kuzimwa. Siku ile alizimwa. Hospitalini walitaka damu yake wapime, akamchoma mmoja akakosa, akaja wa pili akakosa, wa tatu akachoma mara mbili, naye akakosa. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Ndipo akaja mama mmoja wa maabara, mtu mzima, amevaa ndala, hata salamu hakutoa. Akaushika mkono wa mtoto, akafumba macho, akapitisha kidole, akachoma mara moja tu. Damu ikaja.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani mke wangu akaniambia, "Baba watoto, ulimwona yule mama? Alifumba macho."

"Nilimwona."

"Ile kazi mimi naiweza."

Nikacheka. Nikamwuliza, "Kwa umri huo?" Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

"Umri huu ndio nilio nao," akasema.

Hakunibishia zaidi. Mke wangu akitaka jambo habishani na mimi, anapanda ngazi moja kwa moja kwa Mwenye Nyumba, Mungu mwenyewe. Alisali mwaka mzima. Kila Jumatano alifunga, anashona vifungo na njaa yake, midomo inatembea bila sauti. Mwaka ulipokwisha chuo cha maabara kikamwita, akakunja kazi zake, akaifunika cherehani yake kwa shuka la maua, akaniambia, "Mungu amenifungulia mlango." Nilitamani kumwambia kwamba duka letu nalo lina mlango, tena wa chuma.

Miaka miwili nilishona nikitazama lile shuka la maua. Watu walinipa pole, wengine walinipa hongera, na zote mbili ziliniudhi. Jioni anarudi, anapika huku kitabu kimeegemea kopo la chumvi, binti yetu mkubwa anamwuliza maswali ya mtihani, yule wa kati tunayemwita Kimya anakuna nazi na anasikiliza, Redio anarukaruka akitaja majina ya sehemu za damu kama mganga. Mimi niko pale mlangoni na sahani mkononi, hakuna anayeniuliza hata saa. Nilikuwa na wivu. Nisitafute neno la heshima. Nilikionea wivu chuo, nikaonea wivu daftari, na koti lake jeupe la maabara nililishona mwenyewe ili fundi mwingine asije akampima kiuno.

Lakini hayo yote yalikuwa moshi tu. Moto wenyewe uliwaka muhula wa mwisho.

Mkufunzi wao aliwaambia kwamba mshipa hautafutwi kwa macho, unatafutwa kwa kidole. Wakirudi nyumbani watafute mikono ya watu, wafanye mazoezi. Sindano wasiguse kabisa, ni mpira wa kufungia mkono na kidole tu, basi. Mke wangu akaja dukani Jumamosi alasiri na mpira wake wa rangi ya buluu. Mimi napiga pindo suruali ya watu.

"Nipe mkono, baba watoto."

"Mkono una kazi."

"Dakika mbili."

"Hata moja. Mkono wangu si ubao wa chuo."

Akasimama pale, anazungusha mpira kwenye vidole. Nilimwona kwa jicho la pembeni. Nilijua kabisa kwamba akiomba mara ya tatu nitampa. Hakuomba. Akatoka, na baada ya muda kidogo nikasikia kicheko uani.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni fundi wa mabomba ya maji. Fundi Bomba, ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Ni mjane, mtu wa kucheka, na bomba la uani tunalitumia pamoja. Mikono yake, acha nikwambie, miaka ya kukaza na kulegeza vyuma imemtoa mishipa minene kama kamba, unaiona ukiwa upande wa pili wa barabara.

"Shemeji!" nilimsikia akisema. "Mikono hii hapa miwili, chagua unaoutaka!"

Nikachungulia dirishani. Yule bwana ameketi kwenye ndoo aliyoigeuza, shati amelikunja mpaka begani. Mke wangu amechutama mbele yake, macho ameyafumba, na kile kidole gumba, kidole changu, kinatembea taratibu kutoka kwenye kiwiko kwenda chini. Watoto wangu wamewazunguka. Redio anapiga makofi.

"Huu hapa!" mke wangu akasema.

"Kweli kabisa shemeji, ndio wenyewe!"

Roho iliniuma mpaka nikajichoma sindano. Mshipa ule hata kipofu angeuona! Nikarudi kwenye suruali ya watu nikapiga pindo moja juu, jingine chini, ikabidi nifumue.

Tangu siku hiyo kila jioni ikawa ni mkono wa Fundi Bomba. Mimi kwa kiburi changu nikajikausha, eti sioni. Siku moja Fundi Bomba akaniletea kitambaa, akataka shati la mikono mirefu la kuvaa kanisani. Nikampima. Nilipofika kwenye mkono nilisimama kidogo na futi yangu. Shetani hana haja ya kupiga kelele, alininong'oneza tu. Nikamkatia mikono myembamba, na pale kwenye kifundo nikaweka kishikizo cha kubana, ili akilivaa asiweze kulikunja hata nusu inchi. Shati la watu, nami macho ya kuona ninayo! Miaka ishirini na mitano ya ufundi, sijawahi kuharibu nguo ya mtu kwa makusudi.

Jumapili hiyo akatoka kanisani amelivaa. Mke wangu akamwita na mpira wake. Fundi Bomba akavuta mkono wa shati, haupandi. Akavuta tena, haupandi. Akacheka, akafungua vifungo, akalivua shati lote, akaketi kwenye ndoo na fulana yake ya ndani, mabega nje. Mimi niko dirishani, nimeshika mkasi. Ikawa ni kama nimemvua mwenyewe kwa mikono yangu.

Jioni ile ile ndiyo niliyoanza. Nyumbani kwetu baba ndiye anayeongoza sala kabla ya chakula, na mke wangu alikuwa ametuomba tumwombee mpaka siku ya mtihani wa vitendo. Nikawashika watoto vichwa. Kwa mdomo nikasema, "Ee Mungu, umkumbuke mama yao katika mtihani wake, ufanye mapenzi yako." Kwa ndani nikasema, "Afeli. Afeli arudi." Wakaitikia amina. Nikafumbua macho nikaona chakula kinatoa mvuke, mke wangu ananitazama kwa shukrani, akanipa kipande cha nyama kilichokuwa kikubwa kuliko cha wote. Nikakila.

Siku ya mtihani alitoka amevaa koti nililolishona. Sheria yao ilikuwa rahisi. Wanaletwa watu watatu waliojitolea, unamtoa damu kila mmoja. Ukimchoma mmoja mara mbili ukakosa, umefeli. Ukifeli unapewa nafasi moja ya kurudia baada ya wiki nne. Ukikosa na hiyo, jina lako linatoka, miaka miwili imekwenda na maji.

Alirudi saa nane mchana. Nilisikia lango, nikasikia miguu. Hakupitia uani. Aliingia dukani, akavua lile koti, akalikunja mara nne kama nguo ya mteja, akaliweka juu ya meza ya kukatia. Halafu akalivuta shuka la maua, akaketi mbele ya cherehani yake, akachukua sare ya mwanafunzi iliyokuwa haina vifungo, akatunga uzi.

"Vipi?" nikauliza, ingawa nilishaona.

"Nimefeli."

Nikuambie ukweli wa Mungu? Moyo wangu uliruka kwa furaha. Ndiyo, ulifurahi, hayawani yule. Mke wangu yuko mbele yangu, magoti yanakaribia kugusana, kidole kiko kazini. Nilichoomba nimepewa.

Furaha hiyo ilidumu mpaka kifungo cha tatu. Mke wangu akishona huimba, kwa miaka yote aliimba, nyimbo za kanisani anazozichanganya beti. Sasa alikuwa kimya, machozi yanamtiririka na hayafuti, anasogeza tu uso pembeni yasiidondokee sare ya mtoto wa watu. Wakati wa chakula alipakua, akatupa kila mtu sahani yake, akarudi kwenye cherehani. Redio akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, kwani tulimwomba vibaya?" Nikamwambia ale.

Fomu ya kurudia mtihani ilikaa chini ya kopo la chaki, inatakiwa irudi chuoni kabla ya Ijumaa kwisha. Jumatatu haikuguswa, wala Jumanne. Jumatano binti yetu mkubwa akamkumbusha mama yake. Mke wangu akakata uzi kwa meno, akasema, "Sirudii."

"Kwa nini mama?"

"Tuliomba wote, mwezi na nusu, baba yenu akatuongoza. Tulisema mapenzi yake yatimie. Basi yametimia. Mungu amesema hapana, na mimi si mtu wa kubishana naye. Alinifungulia, amefunga. Leteni hizo sare nyingine."

Nilikuwa nimeshika mkasi katikati ya kitambaa. Mwanamke huyu hakushindwa na masomo, wala umri, wala watoto watatu, wala jiko. Alikuwa anaacha kwa sababu amesikia sauti ya Mungu, na sauti yenyewe ni mimi.

"Ulikosa wapi hasa?" nikamwuliza, nikitumaini ataniambia mashine iliharibika, taa ilizimika, chochote.

"Wawili wa kwanza walikuwa rahisi. Wa tatu alikuwa mwanamume, ana mkono kama wako." Alinionyesha kwa kidevu, bila ubaya wowote. "Mnene, laini, hauoni mshipa hata ukimulika na tochi. Mimi nimezoea mkono wa Fundi Bomba. Kumbe siku zote nilikuwa nadanganya, nafumba macho lakini nilishauona mshipa kabla ya kufumba. Ule wa tatu nilipofumba macho, kidole hakikujua pa kwenda."

Akarudi kwenye kifungo chake. Mimi nikatoka nikasimama uani, pale penye ndoo. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichokifanya. Sala yangu sijui ilifika wapi, labda Mungu aliisikia akageuza uso kwa aibu. Lakini mkono wangu nilimnyima mimi mwenyewe, mchana kweupe, na ndio uliomwangusha. Nikitaka arudie itabidi niseme. Nikisema, sitakuwa tena baba anayeshika watoto vichwa. Nikinyamaza, nitamwona mbele yangu kila siku mpaka tuzeeke, analia juu ya sare. Na lililonitisha zaidi ni kwamba moyo wangu bado ulisema, "Nyamaza, si umempata?"

Nilinyamaza Jumatano yote. Alhamisi alasiri watoto hawajarudi kutoka shule, nikakunja shati, nikaweka mkono wangu juu ya cherehani yake, juu ya kazi aliyokuwa anaishona.

"Toa, nitakuchoma," akasema.

"Lete ule mpira."

"Wa nini sasa? Mlango umefungwa."

"Hakuufunga Mungu, mama. Niliufunga mimi."

Akainua uso. Nikamwambia yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Nikamwambia sala ya mdomoni na sala ya ndani. Nikamwambia na shati la Fundi Bomba. Cherehani ilikuwa imesimama, na nje kuna mtu anauza viazi anapiga kelele, nikamwomba Mungu muuzaji yule azidi kupiga kelele ili nisisikie kimya cha mke wangu.

"Kila jioni?" akauliza.

"Kila jioni."

"Na mimi naitikia."

"Na wewe unaitikia."

"Kwa hiyo nilikuwa naitikia amina kwenye kufeli kwangu mwenyewe." Alilisema polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Halafu akasema, "Na watoto pia. Redio alikuwa anaitikia kwa kupiga kelele."

Haki ya Mungu, la watoto sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

"Sababu nini?" akauliza.

"Wivu."

"Wa nani? Wa Fundi Bomba?" Nusura acheke, lakini haikuwa siku ya kucheka.

"Wa Fundi Bomba. Wa chuo. Wa daftari lako. Wa kidole chako."

Akakitazama kidole gumba chake kama kitu alichookota. Kisha akainuka akaenda chumbani. Nikasikia droo inafunguliwa, kabati linafunguliwa, nikajua anafunga virago. Nikabaki na mkono wangu juu ya cherehani, sina pa kuupeleka.

Aliporudi alikuwa na ule mpira wa buluu. Akaniketisha, akaufunga juu ya kiwiko, akaukaza mpaka vidole vikaanza kufa ganzi.

"Umekaza mno."

"Najua."

Akafumba macho. Kidole kikaanza kutembea kwenye mkono wangu mnene. Kilikwenda kikarudi, kikabonyeza, kikaacha, kikatafuta upande wa ndani, kikarudi tena. Sikumbuki mara ya mwisho aliponigusa kwa umakini namna ile. Dakika zikapita. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nikataka kumwambia inatosha, nikakumbuka kwamba mimi si mtu wa kutoa maoni siku hiyo.

"Mkono wako mgumu kama mwenyewe," akasema, macho bado yamefumba. Halafu kidole kikasimama. Kikabonyeza, kikainuka, kikabonyeza. "Huu hapa. Umejificha chini kabisa."

Akafumbua macho, akachukua chaki yangu ya kukatia, akanichora msalaba mdogo mweupe juu ya ngozi, kama tunavyoweka alama ya kifungo.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukamwambia mtu kwamba nimekusamehe. Nipe kalamu, ile fomu iko chini ya kopo."

Akajaza fomu palepale. Halafu akanipa masharti. La kwanza, mkono wangu ni wake kila alasiri mpaka siku ya mtihani, niwe na kazi nisiwe nayo. La pili, sala ya jioni siongozi tena. Wataongoza watoto kwa zamu, na kazi yangu ni amina.

Wiki zilizobaki, ndugu yangu, nilizijua. Mikono yote miwili ilijaa alama za chaki mpaka wateja wakadhani ni ugonjwa. Mke wangu alinitafuta mshipa nikiwa nimekaa, nikiwa nimelala, mkono ukiwa na joto la pasi, mkono ukiwa umetoka kwenye maji ya baridi. Kuzungumza na mimi alizungumza kwa kupima: geuka, nyoosha, kunja ngumi. Jioni tunapiga magoti. Binti yetu mkubwa anasali kwa mpangilio kama anasoma taarifa. Kimya anasali kimya, tunamsubiri tu mpaka apumue. Siku ya zamu ya Redio akasema, "Mungu, mama apate mishipa yote ya dunia, na baba umpunguzie wivu, hata ukibaki kidogo si neno."

Nikafumbua jicho moja. "Nani amekwambia hayo?"

"Mama amenituma."

Wote wakanisubiri. "Amina," nikasema, shingo upande.

Siku ya kurudia mtihani ilipofika nilifungua duka mapema, nikashindwa kufanya lolote. Saa nne akaingia Fundi Bomba na lile shati mkononi.

"Fundi, shati zuri, lakini nikinyoosha mkono linanikaba. Nadhani mikono yangu imenenepa."

"Mikono yako haina kosa, jirani," nikasema. "Kosa ni la mkasi wangu. Nilikata nikiwa na hasira nawe."

"Na mimi? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Ndiyo maana ilikuwa hasira kubwa."

Akanitazama, akatazama ile cherehani ya pili, akatazama alama za chaki kwenye mkono wangu. Sidhani kama alikosa kuelewa. Akaketi juu ya kiti cha wateja, akasema, "Basi fumua, nipo." Nikafumua mikono yote miwili, nikaongeza kitambaa, nikashona upya kwa uangalifu ambao sijawahi kumpa bwana harusi. Alipolivaa akalikunja mpaka begani, likapanda bila taabu. Hata hivyo moyo ulinichoma kidogo. Wivu si uzi, huukati mara moja.

Alipoondoka nilibaki peke yangu. Nilitaka kuomba, nikaogopa. Nikasema tu, "Mungu, mimi ni yule yule. Usinisikilize mimi, sikiliza watoto." Sikuongeza neno.

Saa nane lango likalia. Miguu ikaja moja kwa moja dukani, kama siku ile. Mke wangu akaingia na koti lake jeupe, uso hauonyeshi hili wala lile. Akapita karibu na cherehani yake. Akasimama. Mkono wake ukalishika lile shuka la maua, na safari hii sikutaka alivute. Nakuapia sikutaka.

Akalinyoosha tu pale lilipokunjamana, akaliacha.

Kisha akaja kwangu. Akanikunja mkono wa shati, na bila mpira, bila kutazama, akafumba macho, akaweka kidole gumba palepale penye mshipa wangu uliojificha.

"Wa tatu alikuwa na mkono kama huu," akasema.

"Ukaupata?"

"Mara moja."

Nikataka kumkumbatia, nikataka kulia, nikataka kumwomba msamaha upya. Lakini mimi ni mimi. Kabla sijajizuia mdomo ulishafunguka.

"Alikuwa mwanamume au mwanamke?"

Kidole hakikutoka kwenye mkono wangu. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ile ya kwanza pale uani.

"Sema amina kwanza," akasema.

Nikasema.